Saratani ya tezi ya shingo: kwa nini damu hupimwa hata baada ya upasuaji

Mkaazi wa Samburu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo hurudi nyumbani na kovu, tembe za kila siku na tarehe ya kurudi kliniki. Baada ya miezi michache kovu limepona na kazi za shamba na mifugo zinaendelea. Hapo ndipo wengi huuliza: ikiwa uvimbe umetolewa, damu inapimwa tena ya nini?

Tezi hii, iitwayo pia dundumio, iko mbele ya koo na ina umbo la kipepeo. Hutumia iodini iliyo katika chakula na chumvi kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, uzito na nguvu. Saratani yake huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na aina zake za kawaida hutibika vizuri. Hata hivyo inaweza kurudi baada ya miaka mingi, na mara nyingi hurudi bila maumivu.

Alama inayotafutwa

Seli za tezi hutengeneza protini iitwayo thairoglobulini. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachoitengeneza. Seli za saratani za kawaida za tezi huendelea kuitengeneza pia, popote zilipo.

Mgonjwa akitolewa tezi yote, kisha akapewa iodini ya mnururisho ya kuua mabaki, protini hiyo inatarajiwa kushuka hadi karibu sufuri. Ikipanda kipimo baada ya kipimo, huenda kuna seli zilizobaki au zilizorudi, kwa mfano shingoni, mapafuni au mifupani. Damu inaweza kuonyesha hayo kabla uvimbe haujashikika kwa mkono. Aliyetolewa nusu ya tezi hubaki na kiwango fulani, kwa hivyo daktari hutazama kama kinabadilika.

Kwa kawaida vipimo vingine viwili huambatana na hicho. Cha kwanza ni cha kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Takribani mgonjwa 1 kati ya 4 anazo, na zinaweza kuficha protini hiyo ili majibu yaonekane mazuri kumbe sivyo. Cha pili ni TSH, homoni ya ubongo inayoichochea tezi. Ikiwa juu, inaweza kuchochea pia seli za saratani. Ndiyo sababu tembe za levothairoksini si za kurudisha nguvu tu, bali pia husaidia kuzuia ugonjwa usirudi.

Aina moja adimu, ya medula, haitoi thairoglobulini. Hufuatiliwa kwa kalsitonini na alama iitwayo CEA. Takribani robo ya wagonjwa wa aina hii wameirithi, hivyo ndugu na watoto wao pia wanafaa kuchunguzwa.

Si kipimo cha kugundua saratani

Mwenye rovu la kawaida pia anaweza kuwa na thairoglobulini nyingi. Kwa hiyo kipimo hiki hakitumiki kuamua kama uvimbe ni saratani. Uvimbe mpya shingoni huchunguzwa kwa altrasaundi, na ikibidi kwa kuchukua chembe kwa sindano nyembamba. Uvimbe unaokua haraka, sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza na kupumua ni sababu za kwenda kituo cha afya bila kungoja.

Mambo ya kuzingatia

• Kunywa levothairoksini kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Tembe za chuma au kalsiamu zisubiri saa 4.

• Usiache dawa ili "kujipima" wala kwa sababu unajisikia vizuri. Zikikaribia kwisha, nenda kituoni mapema.

• Mwambie daktari ukitumia vitamini za nywele na kucha zenye biotini, kwani zinaweza kupotosha majibu.

• Inapowezekana, pima katika maabara ileile. Mashine tofauti zinaweza kutoa viwango tofauti kwa damu ileile.

• Hifadhi kila karatasi ya majibu katika faili moja. Jibu moja pekee halitoshi. Mwelekeo wa majibu ya miaka ndio unaomwongoza daktari.

• Ukishika mimba au ukipanga kushika, mjulishe daktari mara moja. Mahitaji ya dawa huongezeka, na iodini ya mnururisho haitolewi kwa mjamzito.

Si kila maabara inayofanya kipimo cha thairoglobulini. Kabla ya kutumia nauli kwenda Msambweni, Mombasa au Nairobi, uliza katika kituo chako kama damu inaweza kutolewa hapo na kupelekwa, na kama Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inagharamia. Ambaye hajajiandikisha na SHA anaweza kupiga *147#, au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini amsaidie.

Aliyekosa tarehe yake, hata kama ni kwa mwaka mzima, bado anaweza kurudi. Achukue karatasi alizonazo, aende kliniki na aombe ratiba ya kupimwa ianze tena.