Deni la Mwani na Hoja za Mwenye Kulikana

Katika ghuba ya Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo ukiisha kuipita Kaole, biashara ya mwani ina desturi ambayo mtu aliyezoea hisabu za dukani huistaajabia: mkulima huwa mdaiwa kabla hajavuna, na akiisha kuvuna huwa mdai wa yule yule aliyemkopesha. Kampuni, kwa mkono wa wakala wake, hutoa kamba na taitai za kufungia mbegu kwa sharti kwamba mavuno hayatauzwa kwingine. Na baada ya majuma sita hivi, maji ya bamvua yakiisha kupwa na akina mama wakashuka kuvuna, wakala huchukua viroba leo na fedha akaziahidi kesho. Kwa kotonii, aina ya mwani yenye bei kubwa kuliko ile iitwayo spinosamu lakini isiyostahimili joto la maji haba, mkopo huzidi, maana kuipanda kilindini kwataka kamba nyingi na mtumbwi.

Ni nadra mnunuzi kukana kwamba alipokea mzigo. Akanacho ni hali ya mzigo: kwamba mwani haukukauka, kwamba ulianikwa mchangani badala ya kichanjani, kwamba mizani ya ghala haikuafikiana na mizani ya pwani. Wala hoja hizi si uwongo daima, kwani mwani mkavu hunywa unyevu wa hewa, na kiroba kilicholala siku tatu wakati wa masika si kile kilichopimwa. Kisha huja habari ya kamba, ambazo mkulima alizidhani bure na kampuni imezikata katika malipo; ndipo mdai, kwa kalamu ya mwenziwe, hugeuzwa mdaiwa.

Kwa rai yangu, deni la namna hii huokoka au hupotea siku ya mizani. Wakala mzoefu hutia mkono hadi katikati ya kiroba, akatoa konzi moja, akaifinya, akaipukutisha juu ya turubai ili auone mchanga udondokao. Na aonalo aghalabu hulinyamazia, akaandika kilo katika daftari na kwenda zake. Muuzaji mwenye hadhari humtaka atamke pale pale, mbele ya mashahidi wawili, kama mzigo umekubaliwa, kisha atie sahihi nakala mbili zenye kutaja pia kama kamba ni mkopo au ruzuku. Waislamu wa pwani hawana udhuru wa kuliona jambo hili geni: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandika deni na kulishuhudilia. Mwaka 1923 Waingereza nao walitunga sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye mwenyeji kumshtaki mwenyeji kwa deni lisilo na hati iliyoidhinishwa na serikali. Wakaiita kinga, na Mwafrika aliyetafuta mtaji akaiona kuwa mlango uliofungwa.

Ikiwa inkari imekwisha kutokea, lililo bora ni kutenga kisichobishaniwa. Mnunuzi akilalamikia kilo 40 katika 300, na alipe thamani ya 260 kwanza, na zile 40 ziamuliwe baadaye. Faida yake si fedha tu: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, dai la mkataba lina miaka 6, na muda huo huanza upya mdaiwa alipapo sehemu au akiripo deni kwa maandishi yenye sahihi yake. Baada ya hapo kuna barua ya madai, kuna suluhu mbele ya wazee au serikali ya kijiji, na kuna mahakama ya mwanzo, ambayo huendesha mashauri kwa Kiswahili.

Lakini wengi hawafiki huko, na sababu si ujinga wa sheria. Mahali ambapo mnunuzi ni mmoja, kumshtaki ni kujifungia soko, na akina mama huona heri kungoja miezi kuliko kuvuna mwani usio na wa kuupokea. Kikundi kilichojinunulia kamba zake, kikaweza kumwita mnunuzi wa pili, hudai kwa sauti nyingine kabisa kuliko kile ambacho kamba zake zote, zilizomo majini hivi sasa, ni mali ya mdaiwa wake.