Hesabu za Moli Kati ya Ruiru na Thika

Maswali ya hesabu katika kemia ya mwanzo, yawe ya Kidato cha Tatu au ya mwaka wa kwanza chuoni, karibu yote hupitia kwenye moli. Anayejua kugeuza gramu au lita za kitu kuwa moli, kisha kuzigeuza moli hizo kuwa gramu au lita za kitu kingine, amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kinachobaki ni kusoma swali vizuri na kuandika mlinganyo sahihi wa mmenyuko. Ajabu ni kwamba wengi hukwama kwenye hicho kinachobaki. Kugawanya na kuzidisha hakuwasumbui sana.

Barabara ya Ruiru hadi Thika ina watu wengi wanaoshughulika na maswali hayo. Kuna wanafunzi wa shule za upili kama Mang'u, wa kilimo na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na wa ufamasia katika Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika. Thika pia ni mji wa viwanda, na baadhi ya viwanda hivyo hufanya hesabu zilezile za daftarini kwa tani badala ya gramu.

Moli ni idadi, wala si uzito. Mayai 30 ya kware na mayai 30 ya kuku yanajaza trei moja moja, lakini kwenye mizani hayalingani. Moli nayo ni idadi ya namna hiyo, ila kubwa mno: chembe 6.022 × 10²³. Tangu Mei 2019 idadi hiyo imewekwa kwa mkataba wa kimataifa. Kabla ya hapo moli ilielezwa kwa kutumia gramu 12 za kaboni-12. Kwa mwanafunzi mabadiliko hayo hayakugusa hesabu yoyote. Moli moja ya salfa bado ni gramu 32, na ya maji ni gramu 18.

Kiwanda cha Kel Chemicals cha Thika hutengeneza asidi ya salfuriki, na mfano wake unatosha kuonyesha njia nzima. Salfa huchomwa ikawa salfa dayoksaidi. Gesi hiyo huunganishwa na oksijeni zaidi ikawa salfa trayoksaidi, ambayo huyeyushwa katika asidi kali iliyokwisha kutengenezwa, kisha maji huongezwa. Swali la kawaida huuliza: tani moja ya salfa itatoa asidi kiasi gani? Mwanafunzi mwenye haraka huanza kuandika milinganyo minne na kubeba namba kutoka hatua moja hadi nyingine, mpaka apotelee njiani. Mwenye subira huona kwamba kila atomu ya salfa inayoingia hutoka ikiwa ndani ya molekuli moja ya asidi. Kwa hiyo moli moja ya salfa huleta moli moja ya asidi, yaani gramu 32 huleta gramu 98. Kilo 1,000 zikigawanywa kwa 32 na kuzidishwa kwa 98 hutoa kilo 3,062.5. Swali likiongeza kwamba mavuno ni asilimia 96, jibu linashuka hadi kilo 2,940. Hakuna haja ya kujua kuna atomu ngapi hasa ndani ya tani hiyo, uwiano unatosha.

Uwiano huo hutoka kwenye mlinganyo, na mlinganyo usiosawazishwa huharibu kila kinachofuata. Shabu, yaani salfeti ya alumini inayotumika kutuliza tope katika maji ya kunywa, hupatikana kwa kuchanganya haidroksaidi ya alumini na asidi ya salfuriki: 2Al(OH)₃ + 3H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O. Kosa la wanaoanza ni kuzigusa zile namba ndogo za chini ili pande mbili zilingane. Namba hizo hazibadilishwi, kwa sababu ukizibadilisha umetaja kitu kingine kabisa. Kinachobadilishwa ni namba kubwa za mbele. Hapa kuna njia ya mkato nzuri: kundi la salfeti halivunjiki katika mmenyuko huu, basi lihesabiwe kama kitu kimoja badala ya kuhesabu salfa na oksijeni kila moja peke yake. Haidrojeni na oksijeni za maji huachwa mwisho.

Fomula za fuwele zina mtego wake. Mrututu, salfeti ya shaba ya rangi ya buluu, umejulikana miaka mingi katika nchi za kahawa kwa sababu dawa zenye shaba huzuia kutu ya majani. (Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya Ruiru 11, inayostahimili kutu hiyo pamoja na ugonjwa wa kuozesha tunda, na hivyo kupunguza unyunyizaji.) Swali huuliza asilimia ya shaba katika mrututu. Asiyeona maji yaliyomo ndani ya fuwele hugawanya 63.5 kwa 159.5 na kupata karibu asilimia 40. Lakini fomula ni CuSO₄·5H₂O, na moli yake ni gramu 249.5, kwa hiyo jibu ni asilimia 25 na kidogo. Mkulima angepima dawa kwa jibu lile la kwanza, shaba ingepungua kwa zaidi ya theluthi.

Mahali alama zinapomwagika zaidi ni kwenye mimumunyo. Katika mtihani wa KCSE karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo na ina alama 40, na titresheni ni mgeni asiyekosa. Tuseme mililita 25 za kostiki soda, ile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, zimezimuliwa na mililita 20 za asidi ya salfuriki yenye moli 0.1 kwa lita. Moli za asidi ni 0.1 × 20 ÷ 1,000, yaani 0.002. Kila molekuli ya asidi hii hutaka kostiki soda mbili, kwa hiyo moli za soda ni 0.004. Hizo zimo ndani ya mililita 25. Ndani ya lita nzima zitakuwa 0.16. Kwa gramu, moli moja ya soda ikiwa 40, ni gramu 6.4 kwa lita.

Anayesahau ile mbili hupata 0.08, nusu kamili ya jibu. Anayetumia kile kikanuni cha kuzidisha ukolezi na ujazo wa pande mbili na kuviweka sawa huangukia shimo hilohilo, kwa sababu kikanuni hicho hufaa pale tu moja inapokutana na moja. Ni afadhali kuandika moli za kila kitu kwenye mstari wake, hata kama daftari litajaa. Msahihishaji hutoa alama kwa hatua, na hawezi kuzitoa kwa hatua asizoziona. Ikumbukwe pia kwamba desimita ya ujazo inayochapishwa katika karatasi za mtihani ni lita tu.

Swali linapotaja kiasi cha vitu viwili, limeficha ulizo lingine: kipi kitakwisha kwanza? Gramu 2.4 za magnesiamu ni moli 0.1. Mililita 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 2 kwa lita nazo ni moli 0.1. Zinaonekana zimetoshana, ila kila magnesiamu hula asidi mbili. Asidi itakwisha huku nusu ya magnesiamu ikiwa bado chini ya chupa, na haidrojeni itakuwa moli 0.05.

Haidrojeni hiyo hupewa ujazo kwa kuzidisha na 24, kwa kuwa moli moja ya gesi huchukuliwa kuwa lita 24 katika joto na kani-eneo ya chumbani. Jibu ni lita 1.2. Hapa kitabu na maabara ya Thika haviongei lugha moja. Lita 24 ni za usawa wa bahari, pengine za Mombasa. Ruiru na Thika ziko juu zaidi ya mita 1,500, ambako hewa hukandamiza kwa takribani kilopaskali 84 badala ya 101. Kwa nyuzi 25 moli moja ya gesi huko hutanda karibu lita 29.5, na haidrojeni ileile ingejaza karibu lita 1.48. Maji nayo huchemka mnamo nyuzi 95. Kwenye mtihani 24 ibaki 24 kwa sababu swali limesema hivyo. Kwenye maabara, mwanafunzi aliyepima gesi na kupata nyingi kuliko ya kitabu asiharakishe kuifuta.

Jibu la mwisho huandikwa pamoja na kipimo chake, likiwa na tarakimu ambazo vifaa vinaweza kuzitetea. Kikokotoo huweza kuonyesha, kwa mfano, 0.16393443 bila kujali ni nani aliyesoma bureti. Bureti ya shule husomwa hadi sehemu ya kumi ya mililita au nusu yake, kwa hiyo tarakimu tatu zinatosha: 0.164. Kukata kufanywe mwishoni. Anayekata katikati ya hesabu hubeba kosa lake hadi mstari wa mwisho.