Breka inatripu kila jioni: ubadilishe boksi au upunguze mzigo?

Nyumba nyingi za kijijini, Majimoto ikiwemo, zinaanza na umeme wa taa na kuchaji simu. Nyingine hazisukwi nyaya kabisa. Zinafungiwa UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kifaa kidogo kilichokuja kuwaokoa wenye chumba kimoja au viwili. Halafu mpunga unauzwa. Friji inaingia, pasi inaingia, birika la umeme, jiko la sahani mbili. Na serikali yenyewe, kupitia mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Vyombo vimeongezeka, ila boksi la breka ukutani ni lilelile. Utajuaje kwamba limezidiwa?

Kwanza tuelewane: breka haipo pale kulinda friji wala tivi yako. Inalinda waya. Ndani yake kuna njia mbili za kukata umeme. Ya kwanza ni kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme ukizidi kinapata joto, kinapinda taratibu, mwishowe kinafyatua swichi. Ya pili ni koili inayogeuka sumaku kali shoti inapotokea, nayo hufyatua papo hapo. Kwa hiyo angalia muda. Ukiwasha kitu na breka ikaruka hapohapo, shuku shoti. Ikivumilia dakika kadhaa ndipo ijizime, mzigo umezidi.

Sasa tupige hesabu. Kila chombo kina wati zake, zimeandikwa nyuma au chini. Jumlisha wati, gawa kwa volti 230, unapata ampea. Tuseme birika ni wati 2,000, jiko 2,500 na pasi 1,200, vyote vimechomekwa kwenye mstari mmoja wa soketi. Jumla ni wati 5,700, karibu ampea 25. Kama breka ya mstari huo ni ya ampea 16, ikijizima haina ubovu wowote. Imefanya kazi yake.

Hapa ndipo penye hatari. Fundi wa haraka anakuambia, "Hii ndogo bosi, tuweke ya 32." Anaiweka, na kweli haitripu tena. Lakini waya ndani ya ukuta ni uleule. Joto kwenye waya haliongezeki sawasawa na umeme, linaongezeka kwa kipeo cha pili: umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Breka inakaa kimya huku plastiki ya waya ikilainika juu ya dari, na huenda chini yake kuna magunia ya mpunga. Wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua wanafanya kosa hilohilo. Breka ikikuzwa, lazima waya wake nao uwe mnene wa kutosha. Vinginevyo usiguse.

Wakati wa kubadilisha boksi umefika ukiona haya: boksi lina joto, linanuka plastiki iliyoungua au lina alama nyeusi, linatoa mlio wa kukwaruza, breka moja imebanwa nyaya za vyumba viwili kwa sababu nafasi zimekwisha, bado unatumia fyuzi za kufunga waya, au hakuna RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, hata kupitia mwili wa mtu. RCD ya nyumbani kwa kawaida hukata uvujaji unapofika miliampea 30. Pia unapotaka kuweka chombo kikubwa cha kudumu, kama jiko la umeme au hita ya kuogea, kipe mstari wake na breka yake. Mashine ya kukoboa mpunga ni habari nyingine. Mara nyingi inahitaji umeme wa fezi tatu, na hilo ni ombi la kupeleka TANESCO.

Lakini si kila tatizo ni la boksi. Taa zikififia jioni, muulize jirani. Kama na kwake zimefifia, umeme unafika ukiwa umechoka kwa sababu ya urefu wa laini au wingi wa watumiaji, na boksi jipya halitaongeza hata volti moja. Toa taarifa TANESCO. Zikififia kwako tu, kila unapowasha pasi, kuna uwezekano wa kiungo kilicholegea. Hilo usilichelewe, maana kiungo kilicholegea kinapata moto bila breka kujua.

Mkoa wa Katavi umetegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, ndiyo maana ikajengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Kwa historia hiyo tumezoea kulaumu umeme wa nje kila kitu kinapozima. Siku hizi huenda sababu iko ndani kwako.

Kabla hujalipa fundi, kaa wiki moja na karatasi. Kila breka ikitripu, andika saa, vyombo vilivyokuwa vimewashwa, na kama ilikata papo hapo au baada ya muda. Kisha mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, umkabidhi karatasi hiyo. Akitaja breka kubwa zaidi, muulize swali moja tu: "Na waya je?"