Ua la Mtunguja na Nyuki Anayelitikisa

Mtunguja ni kichaka cha miiba kinachoota kando ya njia, kwenye mahame na malishoni kote Afrika Mashariki. Ni ndugu wa karibu wa bilinganya. Tunda lake, ambalo kwingine huitwa ndulele, ni la kijani lenye mabaka meupe likiwa changa, na likiiva huwa la manjano. Ni sumu kwa binadamu, ingawa tembo na swala hulila na kusambaza mbegu zake.

Ua lake la zambarau lina petali tano zilizoungana shinani na kufanya umbo la nyota. Katikati zimesimama stameni tano nene za manjano, zimebanana kama koni, na kutoka ndani yake huchomoza kijiti cha kijani chenye stigma nchani. Ovari, ambayo baadaye huwa tunda, imejificha chini.

Ua hili halina nekta. Zawadi yake pekee kwa mdudu ni chavua, nayo imefungiwa. Stameni za maua mengi hupasuka kwa urefu na chavua ikabaki wazi, lakini za mtunguja zina vitundu viwili tu kwenye ncha. Nyuki wa asali hajui kuzifungua. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Hulikumbatia ua, huuma koni kwa taya, kisha hutetemesha misuli ya kurukia huku mbawa zimetulia. Mvumo wake husikika hatua kadhaa, na chavua hufyatuka vitunduni ikamwagikia tumbo lake. Nyingi huikusanya miguuni kwa ajili ya watoto wake. Inayobaki tumboni hugusa stigma ya ua linalofuata, na huo ndio uchavushaji. Alama za kahawia kwenye stameni ni ushahidi kwamba amepita.

Si kila ua huzaa. Katika kishada, ua la chini huwa kamili, lakini mengi ya juu yana kijiti kifupi na kazi yake ni kutoa chavua tu. Kwa njia hiyo kichaka hakibebi matunda kupita uwezo wake.

Ua la bilinganya nalo lina vitundu hivyohivyo na hunufaika na nyuki huyohuyo. Mkulima wa bilinganya asichome kila gogo kavu pembezoni mwa shamba, kwa kuwa humo ndimo nyuki huyu anamolea watoto wake.