Je, Wajua? Dereva Akiumia, Nani Hukalia Kiti Chake?

Mfupa uliovunjika una ratiba yake, na kalenda ya mashindano ina yake. Mguu hutaka miezi kuunga, ilhali mbio zinazofuata ni wiki mbili zijazo, pengine kesho mchana. Hapo ndipo simu za timu huanza kulia. Wahenga walisema kufa kufaana, na ni kweli kwamba ajali ya mmoja imewafungulia wengine milango. Lakini ukiipitia historia ya mbio za magari utaona jambo moja: anayefaulu kushika nafasi ya mwenzake si lazima awe mwenye jina kubwa. Mara nyingi ni yule ambaye wiki iliyopita alikuwa bado anashindana.

Je, wajua kwamba kiti cha gari la Formula 1 hakiazimishwi?

Kila dereva hutengenezewa kiti chake. Huketi ndani ya gari juu ya mfuko, kisha humiminwa ndani yake kemikali inayofura na kuganda ikifuata umbo la mgongo, nyonga na mabega. Umbo hilo ndilo linalotumika kutengeneza kiti halisi cha nyuzi za kaboni. Ndiyo maana dereva wa akiba huandaliwa kiti mapema, hata kama huenda msimu wote ukaisha hajakikalia. Tena si kiti pekee: lazima awe na leseni ya juu ya Formula 1, na aweze kutoka garini mwenyewe ndani ya sekunde chache akiwa amevaa vifaa vyote.

Desemba 2020 Lewis Hamilton alipougua Uviko-19 huko Bahrain, Mercedes walimwita George Russell kutoka timu ya Williams. Russell ana urefu wa mita 1.85, mrefu kuliko Hamilton kwa zaidi ya sentimita kumi. Gari halikumtosha vizuri, ikabidi avae viatu vidogo kuliko saizi yake ili miguu ipate nafasi penye pedali. Hata hivyo aliongoza mbio kwa muda mrefu, mpaka mafundi walipomfungia matairi yasiyo yake, kisha akapata pancha. Alimaliza wa 9.

Je, wajua kwamba ukichelewa, gari hubaki gerejini?

Kanuni zinaruhusu kubadili dereva kabla ya raundi ya kufuzu, ile inayopanga nafasi za kuanzia. Ikishaanza, mlango umefungwa. Oktoba 2020, Nico Hülkenberg alikuwa zake mjini Cologne asubuhi ya Jumamosi, hana timu, alipopigiwa simu kuwa Lance Stroll anaumwa. Uwanja wa Nürburgring, ambako mbio zilikuwa zinafanyika, hauko mbali. Alifika kabla ya kufuzu, akaanza wa mwisho kabisa, nafasi ya 20, na kesho yake akamaliza wa 8. Mwaka 2025 nchini Uhispania mambo yalikwenda kinyume. Stroll alishiriki kufuzu, kisha maumivu ya mkono yakamzidi. Timu yake ya Aston Martin haikuweza kumweka mtu mwingine, ikashindana na gari moja tu la Fernando Alonso.

Je, wajua kwamba springi moja iliwahi kuwatafutia Ferrari madereva watatu?

Tarehe 25 Julai 2009, raundi ya kufuzu nchini Hungaria. Springi ya mfumo wa nyuma, yenye uzito wa karibu kilo moja, iling'oka kwenye gari la Rubens Barrichello, ikaruka barabarani ikidunda. Nyuma yake alikuwa anakuja Felipe Massa wa Ferrari kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Springi ilimpiga kwenye kofia ngumu, juu ya jicho la kushoto. Massa alipoteza fahamu na gari likaenda moja kwa moja kugonga ukuta wa matairi. Fuvu lake lilikuwa limepasuka. Massa alifanyiwa upasuaji mjini Budapest, na siku iliyofuata Ferrari walishindana na gari moja.

Siku chache baadaye Ferrari walitangaza jina lililoushtua ulimwengu: Michael Schumacher, bingwa mara 7, aliyekuwa amestaafu mwishoni mwa 2006. Tiketi za mbio zijazo za Valencia zikaanza kugombaniwa. Lakini Schumacher alikuwa ameanguka na pikipiki mwezi Februari mwaka huohuo na kuumia shingo. Alipojaribu gari la zamani kwenye uwanja wa Mugello, shingo ikakataa. Katika Formula 1, kila unapokata kona au kufunga breki, kichwa na kofia yake huvutwa upande mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na kazi yote ya kukishikilia ni ya shingo. Tarehe 11 Agosti alitangaza kuwa haji tena.

Ndipo zamu ikamfikia Luca Badoer.

Je, wajua kwamba Badoer aliingoja nafasi hiyo kwa miaka 10?

Badoer alikuwa dereva wa majaribio wa Ferrari. Kazi hiyo haina mashabiki wala kombe. Unazunguka uwanja mtupu kutwa nzima, ukipima breki na matairi ili wengine washinde Jumapili. Mwaka 1999 Schumacher alipovunjika mguu, Badoer alikuwa tayari ana kazi hiyo, lakini Ferrari walimruka wakamchukua mtu wa nje. Mwaka huohuo, akiiendeshea timu ndogo ya Minardi kwenye mbio za Nürburgring, alikuwa katika nafasi ya 4 ikiwa imebaki mizunguko 13. Giaboksi ikafa. Alishuka akalia kando ya gari lake huku kamera zikimtazama. Hakuwahi kupata hata pointi moja ya Formula 1.

Nafasi ilipokuja mwaka 2009, ilikuja katika saa mbaya. Msimu huo majaribio ya katikati ya msimu yalikuwa yamepigwa marufuku ili kupunguza gharama, kwa hiyo mtu ambaye riziki yake ilikuwa kujaribu magari hakuwa amelizoea gari la mwaka ule. Mashindano yake ya mwisho yalikuwa Japani, 1999. Uwanja wa Valencia hakuwahi kushindana juu yake. Alifuzu wa mwisho, akatozwa faini zaidi ya mara moja kwa kupita kwa kasi kwenye njia ya gereji, akamaliza wa 17. Wiki iliyofuata Ubelgiji alifuzu tena wa mwisho, akamaliza wa 14. Magazeti ya Italia hayakumhurumia.

Katika mbio hizohizo za Ubelgiji, Giancarlo Fisichella aliishangaza dunia: alianza wa kwanza na gari dogo la Force India, akamaliza wa 2, chini ya sekunde moja nyuma ya Ferrari ya Kimi Räikkönen. Ferrari wakamchukua papo hapo awe mrithi wa Badoer. Naye, katika mbio 5 zilizobaki, hakupata hata pointi moja. Räikkönen alilijua gari lile kuliko yeyote na alikuwa akilikokota kwenda mbele kwa uzoefu. Mgeni angehitaji siku za kulijaribu, na siku hizo kanuni zilikuwa zimezifuta.

Massa mwenyewe alirudi Machi 2010 huko Bahrain, akamaliza wa 2. Ajali yake ndiyo iliyoleta, kuanzia 2011, ule ukanda mgumu unaobandikwa sehemu ya juu ya kioo cha kofia za madereva.

Je, wajua kwamba dereva wa kuazima aliwapa Ferrari ubingwa?

Yule mtu wa nje wa mwaka 1999 alikuwa Mika Salo wa Finland. Msimu ulianza hana timu. Kwanza aliitwa na timu ya BAR kushika nafasi ya Ricardo Zonta aliyeumia Brazil, akaendesha mbio 3. Julai, breki za Schumacher zilipokatika kwenye uwanja wa Silverstone na mguu wake wa kulia ukavunjika, Ferrari nao wakamwita.

Huko Hockenheim, Ujerumani, Salo alijikuta anaongoza mbio za Formula 1 kwa mara ya kwanza. Agizo likaja: mpishe mwenzako Eddie Irvine, kwa kuwa ndiye anayewania ubingwa. Akampisha, akamaliza wa 2. Irvine aliposhuka jukwaani alimkabidhi Salo kombe la mshindi. Salo hakuwahi kushinda mbio za Formula 1 hadi alipostaafu.

Irvine alikosa ubingwa kwa pointi 2. Lakini Ferrari walitwaa ubingwa wa timu, wa kwanza tangu 1983, kwa pointi 128 dhidi ya 124 za McLaren. Za Salo zilikuwa 10. Ziondoe, na kombe linahama.

Je, wajua kwamba kuna mgonjwa aliyerudi akamkuta mrithi wake gerejini?

Tarehe 1 Agosti 1976 gari la Niki Lauda liliwaka moto Nürburgring. Madereva wenzake ndio waliomtoa katika ndimi za moto. Hospitalini, padri alimsomea sala za mtu anayekata roho. Ferrari walimsajili Carlos Reutemann, aliyeacha timu ya Brabham ili kuchukua nafasi hiyo. Wiki 6 baada ya ajali, huku majeraha ya kichwa yakiwa bado hayajapona, Lauda alitokea kwenye uwanja wa Monza akitaka gari lake. Ferrari ikabidi waingize magari matatu. Lauda alimaliza wa 4, Reutemann wa 9. Msimu ule Lauda alikosa mbio 2 tu, na ubingwa akaukosa kwa pointi 1. Mwaka uliofuata aliuchukua.

Je, wajua kwamba mzee wa miaka 42 aliwahi kuitwa akawatangulia vijana?

Mwaka 1982 ulikuwa mweusi kwa Ferrari. Gilles Villeneuve alifariki mwezi Mei nchini Ubelgiji, na nafasi yake ikachukuliwa na Patrick Tambay. Agosti, Didier Pironi, aliyekuwa anaongoza msimamo wa ubingwa, alivunjika vibaya miguu yote miwili kwenye mazoezi ya Hockenheim. Kesho yake Tambay alishinda mbio hizo. Kwa ajili ya Monza, Ferrari walimwita Mario Andretti kutoka Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 42 na bado anashindana kwao. Alifuzu wa kwanza na kumaliza wa 3. Pironi hakurudi tena Formula 1. Ingawa hakuendesha mbio 5 za mwisho, alizidiwa na bingwa Keke Rosberg kwa pointi 5 tu.

Je, wajua kwamba kiti cha akiba kinaweza kumzunguka kila mtu?

Septemba 2022, Alexander Albon wa Williams aliugua kidole tumbo mjini Monza. Nyck de Vries, ambaye Ijumaa alikuwa ameendesha gari la Aston Martin mazoezini, Jumamosi akaingizwa kwenye la Williams na Jumapili akamaliza wa 9. Kwa siku hiyo moja alipata ajira ya kudumu katika timu ya AlphaTauri. Baada ya mbio 10 bila pointi, alitimuliwa. Aliyemrithi, Daniel Ricciardo, alikwenda Uholanzi mwezi Agosti 2023, akagonga ukuta mazoezini kabla hajauachia usukani. Gari likigonga, matairi ya mbele huuzungusha usukani ghafla, na mikono iliyoushika huzungushwa nao. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika. Akaitwa Liam Lawson, akaanza mbio zake za kwanza katika mvua, na wiki chache baadaye akamaliza wa 9 Singapore. Mwishoni mwa 2024, kiti cha Ricciardo kilikuwa cha Lawson.

Kidole tumbo tena ndicho kilichomtoa Carlos Sainz kwenye Ferrari huko Jeddah, Machi 2024. Oliver Bearman, Mwingereza wa miaka 18, alikuwa amekwisha kufuzu wa kwanza katika Formula 2 wikendi hiyohiyo. Aliiacha nafasi hiyo, akapata saa moja tu ya mazoezi kwenye Ferrari, kisha akamaliza wa 7. Mlinganishe na Badoer: Badoer aliijua Ferrari kuliko kijana huyu, ila Bearman alikuwa amefuzu siku moja kabla, na Badoer alikuwa hajashindana kwa miaka 10. Sainz naye, siku 16 baada ya upasuaji, alishinda mbio za Australia.

Je, wajua kwamba mabingwa wawili wa Safari Rally waliwahi kupokezana gari baada ya ajali?

Wapenzi wa Safari Rally wanawajua vizuri. Sébastien Ogier alishinda Naivasha 2021 na 2023; Kalle Rovanperä alishinda 2022 na 2024. Juni 2024, Ogier na mwelekezi wake, Vincent Landais, walipata ajali ya barabarani wakikagua njia za Rally ya Poland, wakapelekwa hospitali. Timu yao ya Toyota ikampigia simu Rovanperä, aliyekuwa mapumzikoni nyumbani Finland kwa sababu msimu huo alichagua kushiriki raundi chache tu.

Katika rally, kukagua njia ndiyo nusu ya kazi. Dereva hupita polepole akimtajia mwelekezi kila kona, naye anaandika, na maandishi hayo ndiyo watakayoyafuata vumbini kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa. Rovanperä na mwelekezi wake Jonne Halttunen walifika wakiwa na muda mchache wa kuyaandika, wakatazama video za njia walizozikosa. Walishinda rally nzima.

Lakini huyu hakuwa mtu wa kutolewa kabatini. Alikuwa bingwa wa dunia aliyekuwa madarakani, na vumbi la Naivasha alikuwa amelikung'uta miezi mitatu tu kabla. Kwa hiyo timu ikikuuliza dereva yupi wa akiba ni bora, iulize kwanza alishindana lini mara ya mwisho.