Je, una choo? Swali dogo lenye hesabu kubwa

Katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele ya mgeni, nalo ni choo. Leo hatutafundishana namna ya kukisafisha. Tutatazama namna kinavyohesabiwa, nani anakihesabu, na kwa nini jibu lako mlangoni linaweza kuamua kama mtaa wenu utaonekana una shida au hauna.

Mara kwa mara tunasikia redioni kwamba asilimia kadhaa ya kaya zina vyoo bora na asilimia kadhaa hazina. Je, umewahi kujiuliza hesabu hizo zimetoka wapi? Mbona wewe hujawahi kuulizwa? Na kama hukuulizwa, wamejuaje?

Kijiko kimoja cha pilau

Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni sensa, ambapo kila mtu anahesabiwa. Sensa ya Agosti 2022 ilitupata Watanzania 61,741,120, na pamoja na mambo mengine kaya ziliulizwa kuhusu vyoo. Lakini sensa ni kazi kubwa na ya gharama, na hufanyika kila baada ya miaka kumi hivi. Maradhi ya kuhara hayasubiri miaka kumi.

Njia ya pili ni utafiti wa kaya. Hapa wanachaguliwa wachache kwa niaba ya wengi. Mpishi wa pilau ya harusi hali sufuria zima ili ajue kama chumvi imekolea. Anakoroga vizuri, anaonja kijiko kimoja, na anajua. Siri iko kwenye kukoroga. Akionja ukoko wa chini peke yake, atadanganyika.

Katika utafiti, kukoroga ni kuchagua kaya kwa bahati nasibu. Chukua mfano wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, uliofanyika Bara na Zanzibar. Kwanza yalichaguliwa maeneo 629 kutoka katika orodha ya maeneo ya kuhesabia watu ya sensa ya 2012. Kisha kaya zote za kila eneo ziliorodheshwa, na katika orodha hiyo zikachaguliwa kaya 26. Ukizidisha, unapata kaya 16,354 zilizokusudiwa kuisemea nchi nzima na kila mkoa wake.

Ndiyo maana mdadisi akikuta umefunga mlango haruhusiwi kwenda kwa jirani kwa kuwa jirani yupo nyumbani. Anatakiwa arudi tena kwako. Akiwahoji wanaopatikana kwa urahisi tu, atakuwa ameonja ukoko.

Kaya ni chungu

Neno la pili la kufahamu ni kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata kama si ndugu. Nyumba ni jengo, na jengo moja linaweza kuwa na kaya nyingi.

Tuchukue nyumba ya kupanga ya vyumba sita, kama zilivyo nyingi Temeke, Ilala au Ng'ambo kule Unguja. Kila chumba kina mpangaji wake na jiko lake. Uani kuna choo kimoja. Kwa macho ya mpita njia, hiyo ni nyumba moja yenye choo kimoja, basi mambo ni mazuri. Kwa macho ya mdadisi, hizo ni kaya sita zinazochangia choo kimoja. Tofauti hiyo, kama tutakavyoona, inabadilisha hesabu yote.

Mdadisi anauliza nini?

Swali la kwanza ni hili: watu wa kaya hii kwa kawaida wanatumia choo cha aina gani? Asipoelewa jibu, anaweza kuomba ruhusa akione mwenyewe. Usimwone mkosefu wa adabu, ndivyo alivyofundishwa.

Kisha anauliza kama mnachangia choo hicho na kaya nyingine, na kama mnachangia, kaya ngapi. Anauliza kilipo: ndani ya nyumba, uani, au kwingine. Dodoso za miaka ya karibuni zinauliza pia kama shimo au karo limewahi kutapishwa, na uchafu ulipelekwa wapi. Akina mama wenye watoto wadogo wanaulizwa kinyesi cha mtoto hutupwa wapi, kwa sababu wengi wetu hudhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, na hilo si kweli.

Halafu mdadisi anaomba kuonyeshwa mahali mnaponawia mikono. Anaangalia mwenyewe: je, maji yapo? Sabuni ipo? Haulizi tu kama mnanawa, maana kwa swali hilo ni nani atakayesema hanawi? Na ajue msomaji kwamba katika vipimo vya sasa vya kimataifa, majivu au mchanga havihesabiwi sawa na sabuni.

Ngazi tano

Majibu yakishakusanywa, yanapangwa kwenye ngazi. Ngazi hizi zimewekwa na mpango wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao tangu mwaka 1990 umekuwa ukifuatilia maji na vyoo duniani.

Ngazi ya chini kabisa ni wasio na choo, wanaojisaidia vichakani, ufukweni au mashambani.

Ya pili ni wenye choo kisicho bora: cha shimo lisilo na sakafu imara, cha ndoo, au kilichojengwa juu ya maji.

Ya tatu ni wenye choo cha aina bora, lakini wanachangia na kaya nyingine.

Ya nne ni wenye choo bora cha kaya yao peke yao. Choo bora ni kile kinachomtenga mtu na kinyesi: cha kuvuta au kumwaga maji yanayokwenda kwenye bomba la majitaka, karo au shimo, cha shimo chenye sakafu imara inayosafishika, cha shimo chenye bomba la kutolea hewa, au cha mboji.

Ya tano, ya juu, ni choo bora kisichochangiwa ambacho kinyesi chake kinahifadhiwa salama hapo hapo ardhini, au kinachukuliwa na kwenda kusafishwa kitaalamu.

Kwa hesabu za mpango huo, mwaka 2024 watu bilioni 3.4 duniani walikuwa hawajaifikia ngazi ya tano, na kati yao milioni 354 walikuwa wakijisaidia hadharani.

Nchi moja, hesabu mbili

Sasa msomaji ataelewa kwa nini Tanzania iliwahi kuwa na hesabu mbili zilizoonekana kugombana. Nchi yetu ina historia ndefu ya kuchimba vyoo. Wazee wanaikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Matokeo yake ni kwamba hata utafiti wa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya kaya nane kati ya kumi zina choo cha namna fulani. Lakini utafiti huo huo ulipouliza choo bora kisichochangiwa, ulipata chini ya kaya moja kati ya tano.

Kiongozi mmoja angeweza kusimama na kusema tumefanya vizuri, na mwingine akasema tuko nyuma sana, na wote wawili wakawa wamesoma kitabu kimoja. Aliyesema uongo hayupo. Mmoja amehesabu matundu, mwingine amehesabu kinga.

Kuna mtego mwingine. Ripoti za miaka ile zilikitoa choo cha kuchangia nje ya fungu la vyoo bora. Ripoti za sasa zinakiingiza kwenye aina bora, kisha zinakiweka ngazi ya tatu. Mtu akichukua neno "vyoo bora" katika ripoti ya 2010 na katika ya 2022, akatoa moja kwa nyingine, atapata maendeleo makubwa ambayo sehemu yake ni mabadiliko ya maneno tu. Kabla ya kushangilia tarakimu, uliza kwanza: imehesabu nini?

Kwani kuchangia kuna ubaya gani?

Wapangaji wengi watalalamika hapa. Choo chetu tunakisafisha kwa zamu, kina sakafu ya vigae, kwa nini kishushwe? Lalamiko lina haki ndani yake. Dodoso haliwezi kujua zamu zenu. Linajua tu kwamba choo cha wengi mara nyingi huwa hakina mwenyewe. Kinajaa haraka, asubuhi kina foleni, na usiku mama au binti anaogopa kukiendea. Kwa kuwa usafi na usalama ni vigumu kuvipima kwa swali moja, kuchangia kumetumika kama alama yake. Ni kipimo cha jumla, na kipimo cha jumla humdhulumu aliye msafi.

Yasiyoonekana mlangoni

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Mtu anajua kilicho juu ya sakafu ya choo chake, lakini hajui kilicho chini. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita atajuaje kama chini kuna karo lililojengwa vizuri au shimo linalovujia kisima cha jirani? Ndiyo maana ngazi ya tano haiwezi kupimwa kwa dodoso peke yake. Zinahitajika pia taarifa za mamlaka za majitaka: magari mangapi yamemwaga, wapi, na mabwawa yanafanya kazi au la.

Na hapa tuambiane ukweli. Katika maeneo ya bondeni, mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotoboa ukuta wa shimo na kukitapisha choo kwenye mfereji. Nyumba hiyo ikiulizwa, ina choo cha zege na bomba, imo ngazi ya nne. Walioko chini ya mfereji ndio wanaopokea. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoani na kuwapata zaidi ya watu 20,000. Kipindupindu hupita katika maji na chakula vilivyoingiwa na kinyesi, na hakiulizi choo ni cha nani.

Tatu, tafiti za kaya haziwafikii wasio na makazi, wala wanaolala mabwenini, iwe shule au madrasa. Bweni lenye matundu mawili kwa vijana wengi halionekani katika hesabu hii, na wazazi wasidhani limekaguliwa.

Nne, utafiti wa namna hii unaishia mkoani. Hauwezi kukuambia hali ya kata yako. Wastani wa mkoa unaweza kupendeza ilhali mtaa mmoja unaangamia.

Wanaohesabu nao wana shida

Jambo jingine ni fedha. Tafiti za aina ya ule wa 2022 zilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Marekani, na nchi nyingi maskini zimezitegemea. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisitisha fedha za mpango huo. Zipo njia nyingine, kama sensa, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, na tafiti za UNICEF. Hata hivyo ni funzo kwetu: anayetegemea mwingine amhesabie vyoo vyake, siku moja atajikuta hajui anavyo vingapi.

Wajibu wetu

Kwanza, mdadisi akibisha hodi na kitambulisho chake, akiwa ametambulishwa na mwenyekiti wa mtaa au sheha, mpokee. Sheria ya Takwimu inakataza taarifa zako binafsi kutolewa. Wapo wanaoficha kwa aibu, wakasema choo ni chao peke yao kumbe wanachangia kaya tano. Wapo wanaozidisha shida wakitarajia msaada. Wote wameuharibu ushahidi. Mwenye shida akisema hana shida, asilaumu bajeti ikimpita.

Pili, tujihesabu wenyewe bila kungoja utafiti. Jumuiya ya msikiti inaweza kuzunguka mtaa wake kwa maswali matano tu: choo ni cha aina gani, kinachangiwa na kaya ngapi, kilitapishwa lini, uchafu ulikwenda wapi, na je, kuna maji na sabuni karibu yake? Tuanze na choo cha msikiti wenyewe, na mabweni ya madrasa zetu. Ubao wa matangazo wenye majibu hayo utamsaidia diwani kuliko hotuba.

Tatu, tukumbuke kwamba sisi tuna sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Tahara ni sharti la swala, na dini yetu imekataza kujisaidia njiani, kwenye kivuli cha watu na kwenye maji yaliyotuama. Makatazo hayo yote yanamlinda mtu mwingine, asiyekuwepo wakati unajisaidia. Najisi uliyoitoa nyumbani kwako na kuimwaga kwenye mfereji haijatoweka, imehamia mlangoni kwa jirani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, safari ijayo ukiulizwa una choo, usijibu haraka. Jiulize kwanza: cha nani, kinaishia wapi, na nani anakunywa maji ya upande ule?