Mwenye Shamba na Mtaro Wake



Katika kitabu cha jiografia kuna mistari mitatu juu ya kulinda udongo, kisha mwalimu anapita mbele kwa kuwa programu ni ndefu. Sisi wa darasa la sita tumeona mistari mitatu haitoshi. Katika nchi mbalimbali kuna wenye mashamba wanaopewa sifa, cheti au zawadi kwa sababu walilinda udongo na maji katika vilima vyao. Tunataka kueleza wanafanya kazi gani, na juu ya nini kilima kimoja kinalindwa na cha jirani kinateremka ziwani.

Mtu wa Nyawera hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mvua kwetu inaanza Septemba na inaendelea mpaka Mei. Ikinyesha saa moja tu, maji yanayoshuka barabarani yana rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni shamba la mtu, au parseli ya mtu. Inaingia mto Kawa, Kawa inaimwaga katika ziwa Kivu, na Ruzizi inapotoka ziwani inakuta matope na mifuko ya plastiki ikisumbua mabwawa ya umeme. Taa zikizimika wakati wa masomo ya jioni, sisi sote tunalaumu mashine. Mara moja moja tungelaumu kilima pia.

Na si umeme tu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha katika Kalehe, hapo kando ya ziwa letu. Mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Mvua ya namna ile ingeleta hasara popote, lakini juu ya kilima kilichovuliwa miti haikukuta kitu cha kuipunguzia nguvu.

Basi udongo unakimbia namna gani? Tone la mvua likianguka kwenye ardhi tupu linapiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo zinaruka, zinaziba matundu ya juu, na maji yanakosa mlango wa kuingilia. Yanateremka. Kadiri mteremko ulivyo mrefu, maji yanazidi kuwa mengi na yanaongeza mbio, na maji yenye mbio yanabeba mzigo mkubwa. Yanachukua kwanza kile cha juu, udongo mweusi wenye samadi na majani yaliyooza, yaani chakula chenyewe cha maharagi. Kinachobaki ni udongo mwekundu ambao mama atalima tangu asubuhi na mwisho wa msimu avune kitunga kimoja.

Kazi ya kulinda ni kukata ule mteremko mrefu katika vipande vifupi, maji yasipate nafasi ya kukimbia. Kifaa chake ni cha bure. Chukua fito tatu. Mbili za mita mbili unazifunga pamoja juu, ya tatu unailaza katikati, mpaka upate herufi A. Kutoka kichwani ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha A yako, tia alama pale kamba inapogusa fito ya kulala. Kisha geuza miguu, wa kushoto ukanyage palepale pa wa kulia, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo, hata kama fito zako hazilingani sana. Wenzetu wa seksioni ya hesabu na fizikia watawaeleza sababu, wakitaka kujisifu. Sasa tembea na A ukikata kilima: mguu mmoja ubaki kwenye kigingi, mwingine utafute mahali ambapo kamba inagusa ule usawa, hapo piga kigingi kingine. Mstari utapindapinda kama nyoka. Usiunyooshe. Kilima chenyewe hakikunyooka.

Kufuata vigingi hivyo unachimba mtaro. Ukitupa udongo upande wa chini, mgongo hauumi sana. Ukiutupa juu ni kazi nzito, lakini ukuta unasimama upande wa juu wa mtaro, na udongo unaoshuka unazuiliwa nyuma yake mwaka kwa mwaka, mpaka mteremko unageuka ngazi pole pole. Wakulima wa Machakos, nchi ya Kenya, wanaiita njia hii fanya juu. Jina hilo linaandikwa hivyohivyo katika vitabu vya Kiingereza na vya Kifaransa. Kwa mara moja, maprofesa wamekuja kuazima neno kwetu. Juu ya ukuta unapanda majani yanayoshika udongo kwa mizizi, kama setaria, tripsakum au mabingobingo. Hayo yanakatwa kulisha mbuzi na ng'ombe, na mbuzi anarudisha samadi shambani. Kati ya mitaro unaweza kutia grevilea au kaliandra.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Mtaro wa kushika maji ni dawa ya shamba, si dawa ya kila mahali. Pale ambapo kilima kizima kinatembea, kama huko Funu katika Kadutu, kuingiza maji zaidi ndani ya ardhi ni kuongeza uzito na utelezi. Pale maji yanatakiwa kuongozwa mpaka mtoni kwa mfereji wa mawe. Mtu asisome gazeti letu na kuchimba shimo nyuma ya nyumba ya baba yake bila kuuliza.

Sasa tufike kwenye neno gumu. Kama kazi ni rahisi hivi, juu ya nini haijafanyika kila mahali? Wengine wanasema watu wa vilima hawajui, au ni wavivu. Historia inawakatalia.

Wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1940 na 1950, vilima vya Kivu, Rwanda na Burundi vilichimbwa mitaro mirefu sana. Wachimbaji walikuwa wakulima wenyewe, kwa lazima. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu kuwashurutisha watu wa vijiji kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa alijua faini na gereza. Uhuru ulipofika, watu wengi waliiacha mitaro ijae, wengine wakaifukia kwa mikono yao. Udongo haukuwa adui yao. Adui alikuwa amri, na yule kapita aliyesimama juu ya mtaro na daftari lake.

Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kujenga ngazi. Zile ngazi zilifukia udongo mweusi na kuleta juu ule usio na rutuba, kwa hiyo mavuno yalipungua. Mwezi wa Julai 1955 watu waliandamana Matombo, polisi walipiga risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukafungwa.

Linganisheni na Kigezi, upande wa Kabale katika Uganda. Ni vilima kama vyetu, na watu wamebanana kama sisi. Bakiga walikuwa na desturi yao ya kupanga magugu kwa mistari kukata mteremko. Bwana kilimo wa wilaya, Purseglove, aliyekuwa huko katika miaka ya 1940, hakuitupa desturi ile. Alijenga juu yake. Tena machifu na wakulima walishindanishwa, na walioshinda walipata zawadi. Faini zilikuwapo, tusidanganyane, lakini kilima kilichopangwa vizuri kilileta jina zuri kwa mwenyewe.

Machakos ndiyo inatushangaza kuliko zote. Katika miaka ya 1930 wageni waliokwenda huko waliandika kwamba nchi ya Wakamba inakufa. Wakati ule wilaya ilikuwa na watu karibu 240,000. Kufika 1989 walikuwa karibu 1,400,000, na bado udongo ulikuwa umelindwa vizuri kuliko zamani. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1994. Wakamba nao walichimbishwa kwa nguvu mwanzoni na waliacha kwa muda. Baadaye walirudia wenyewe, katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambavyo sehemu kubwa ni akina mama. Walirudia kwa sababu mtaro ulizaa: kahawa, matunda na mboga vilipata soko Nairobi na mbali zaidi. Na walirudia kwa sababu kila mmoja alijua shamba ni lake na litakuwa la watoto wake.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Katika Kiswahili neno kutambuliwa lina maana mbili. Mtu anatambuliwa pale anapopewa cheti na kupigiwa makofi. Na mtu anatambuliwa pale wote wanapokubali kwamba hiki ni chake. Sisi tunaona maana ya pili ndiyo inayochimba mitaro.

Tuangalie Bushi. Mwenye kalinzi alitoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami au kwa mkubwa wake, na ardhi ile anaikaa na kuwarithisha wanawe. Huyo anaweza kupanda ndizi, kahawa na miti. Mwenye bwasa amepewa kipande kwa msimu mmoja au miwili, analipa kwa kazi, kwa pombe au kwa sehemu ya mavuno. Huyo amekatazwa kupanda kitu kinachodumu, maana mti ni kama sahihi: anayepanda mti anasema nimefika kukaa. Sasa wewe, uliye na bwasa, utachimba mita mia za mtaro wa nani? Msimu ujao mwenyewe ataona shamba limekuwa zuri na atalichukua. Ni kama Isaka kule Gerari katika Mwanzo 26. Alichimba kisima, wachungaji wakasema maji ni yetu. Akachimba cha pili, wakagombana tena. Mpaka alipofika Rehobothi ndipo akapumua. Isaka alikuwa na nafasi ya kuhama. Mama wa Walungu hana.

Mashamba makubwa ya chai na kwinini nayo yalikula vilima vingi, na watu wakasukumwa kwenye miteremko mikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Juu ya ardhi za desturi iliahidi amri ya Rais, na amri hiyo ilingojewa miaka makumi. Basi muzee wa kijiji ana neno la mwami, mwingine ana karatasi ya mjini, na zote mbili ziko juu ya shamba lilelile. Tena wanaoshika jembe kila siku ni mama zetu, lakini jina linalotajwa ni la baba, na akifa baba ni la kaka zake. Ukimpa baba cheti cha kulinda udongo, umempa nani?

Hata sifa za dunia nzima hazitoshi peke yake. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Gourga katika Burkina Faso, alianza karibu mwaka 1980 kuchimba vishimo vidogo wakati wa kiangazi, akitia samadi ndani ili kungojea mvua. Vishimo hivyo vinaitwa zai, ni desturi ya zamani aliyoitengeneza upya. Majirani walimwita mwenda wazimu. Ardhi iliyokuwa ngumu kama barabara ikatoa mtama, kisha msitu wenye miti ya aina zaidi ya 60. Alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, na Umoja wa Mataifa ukamheshimu mwaka 2020. Lakini mji wa Ouahigouya ulipopanuka, viwanja vya nyumba vilipimwa ndani ya msitu wake. Alikufa Desemba 2023, ana tuzo mkononi na mashaka juu ya miti yake.

Kwa hiyo, ukisikia mradi unakuja katika kilima chenu na mbegu za setaria na fulana za bure, kuna swali la kuuliza kabla ya kupokea jembe: wenye bwasa watakaa miaka mingapi? Mapatano ya miaka mitano au kumi, yaliyoandikwa mbele ya chifu na mashahidi, yakitaja mtaro na anayekula majani ya ukuta, yanaweza kufanya kazi kuliko kikombe cha ushindi. Mwenye ardhi hapotezi kitu, maana kilima kinabaki chake. Anayelima anajua mwaka gani ataacha, na kabla ya hapo atakuwa amekula mavuno kadhaa ya jasho lake.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza kutumia A, alete fito tatu, kamba na jiwe siku ya salongo. Mteremko wa nyuma ya madarasa utatosha. Ni ardhi ya shule, na hakuna mtu atakayetufukuza kabla ya majani kuota.